Nilimsingizia Msaidizi wa Mama Mkwe kwa Wivu

Admin, nisitiri jina, maana nusu ya ukoo wangu iko humu.

Mimi ni mama wa miaka 39, naishi Masama. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo mkewe ndiye anayebaki na mama mkwe. Huu ni mwaka wa nne tangu mama apooze upande mmoja. Namwogesha, namgeuza, namlisha mtori kijiko kwa kijiko. Sijapumzika hata Jumapili moja.

Wifi yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Ujerumani. Alipokuja Krismasi akanikuta namgeuza mama peke yangu, akashika kichwa. "Wifi, kule ukionekana hivi mkuu wa nyumba anaulizwa! Wanaangalia wazee wanaumwa kiasi gani, ndiyo wanapanga wahudumu wawe wangapi. Uingereza nilikoanzia sheria haiweki idadi, ila wakaguzi wakikuta hamtoshi, mmekwisha." Nikamuuliza, "Na huku Masama mkaguzi ni nani?" Akacheka, lakini wiki ileile akaleta binti wa Majengo aliyesomea uuguzi, mshahara juu yake.

Ningeshukuru, sivyo? Mwanzoni nilishukuru, hata mgongo uliacha kuuma. Kumbe yule binti anajua kumtania mama! Mama ambaye kwangu ni "mh" na "bado", kwake anacheka mpaka machozi. Siku moja nimepeleka mtori, akafunga mdomo. "Ngoja mwanangu aje," akasema. Mwanangu! Mimi miaka yote hii ananiita kwa jina la mtoto wangu wa kwanza.

Wivu ukanishika. Nikampigia wifi, nikamwambia binti analala kazini na mama anashinda amelowa. Uongo mtupu. Wifi akamwachisha kazi kwa simu, hakumuuliza chochote. Binti aliondoka analia, na bado akaniambia, "Mama, naomba usisahau kumgeuza kila baada ya saa mbili."

Nilisahau. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Sasa mama ana kidonda mgongoni, na mtu mmoja hawezi kumwinua na kumsafisha kwa wakati mmoja. Jana kaniuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Nikasema amesafiri.

Leo asubuhi nimekata isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Ukipelekewa isale hukatai, kwa hiyo najua binti atarudi. Lakini itabidi niseme nilichofanya, na wifi na mume wangu watajua. Mnisamehe, wala hilo silo linaloniuma zaidi. Akirudi, mama atacheka tena, na sitakuwa mimi niliyemchekesha.

Isale liko hapa mezani, na mama ananiita nikamgeuze. Nitukaneni mkimaliza mnishauri, jamani, naanzaje kuinuka hapa nilipokaa nimpelekee binti hili jani?