Bibi Harusi Hakati Tiketi

Bachuli Devi alipoolewa kijijini kwetu, alitambaa kwenye tundu la ua wa miiba ili akaiamkie chemchemi. Huku kwenye milima ya Kumaon, India, bibi harusi hapiki kwenye nyumba mpya kabla hajayaamkia maji yake. Lakini gavana Mwingereza alikuwa amezungushia chemchemi yetu bustani yake ya waridi, na alipoondoka, nyumba yake ikawa makumbusho. Sisi tukabaki na tundu. Mimi pia nilipita pale, na kovu ninalo. Bachuli alitoka na shela iliyochanika, akaapa kwamba mkamwana wake hatatambaa.

Jana asubuhi alimleta mkamwana huyo, Kamla, mpaka lango kuu. Wanawake tulifuata nyuma na ngoma.

"Tiketi, mama," alisema Kundan, mlinzi.

"Bibi harusi hakati tiketi kwenda kwenye chemchemi ya kwao."

"Basi piteni tunduni kama siku zote. Nitajifanya sijaona."

"Tunduni hupita panya, Kundan. Mama yako alipita pale. Magoti yake uliyaona?"

Kundan aliinamisha macho. "Nitafukuzwa kazi."

"Waambie kikongwe alikusukuma."

Akamsukuma kweli, kwa kidole kimoja, na Kundan mwenye kifua kama mlango akarudi nyuma.

Kamla aliweka mchele na maua ukingoni mwa chemchemi, akajaza mtungi wa shaba. Wakati wa kutoka Bachuli alimtangulia katikati ya njia ya gavana, polepole, ili maji yasimwagike.