Deki mpya na mkono wa marehemu Semisi

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Kalolaine Vea ameketi chini mbele ya gogo, anaponda gome la mti kwa nyundo ya mbao. Wanawake wanaotengeneza nguo za gome huku mashariki mwa Tongatapu, kisiwa kikuu cha Tonga, huimba wakiponda, na yeye ndiye huanzisha. Leo anaponda kimya. Ndani ya nyumba kuna deki mpya ya DVD, imo kwenye boksi tangu jana, hajathubutu kuifungua.

"Naogopa kuiwasha," anasema bila kuinua uso. "Isiposoma, sina pa kwenda tena."

Anachotaka isome ni diski moja yenye mikwaruzo. Ndani yake baba yake, marehemu Semisi Vea, mtunzi wa ngoma wa kijiji, anacheza lakalaka, ngoma ya Kitonga ambayo wachezaji husimama safu na kusimulia wimbo kwa mikono, aliyoitunga mwenyewe. Alirekodiwa mara hiyo moja tu, na mwaka uliofuata akafa. Mwishoni mwa mwaka huu kanisa la kijiji linatimiza miaka mia. Safu nzima ya wanaume na wanawake itaicheza ngoma hiyo mbele ya wageni, na Kalolaine ndiye amekabidhiwa kuwafundisha.

Kukosea mkono mbele ya wageni si jambo la kuchekewa huku. Kijiji kitasemwa mpaka wajukuu.

Deki ya zamani ilikufa kwa heshima, na hapo ndipo mtu hajui acheke au alie. Kwa kuwa sura ya baba ilitokea humo, Kalolaine aliifunika kitambaa cha kutarizi, juu yake akaweka picha ya marehemu na mashada ya maua. Hata ikiwa imewashwa hakuifunua, maana kuiacha wazi aliona ni kumvua baba nguo. Ikakosa hewa, ikachemka kila siku, mwishowe ikanuka moshi diski ikiwa ndani. Diski waliitoa kwa bisibisi, na mikwaruzo ikaongezeka.

Ameshauriwa ainakili. Kompyuta mbili zimeikataa, na ya pili iliishikilia kwa muda kabla ya kuitema. Tangu siku hiyo haimpi mtu.

Jana alikwenda mjini Nuku'alofa na pesa za kipande cha nguo ya gome alichokuwa akikiweka kwa harusi ya bintiye. Nilifuatana naye. Muuzaji, Folau, mtu mzima mwenye maneno mengi, alimtolea deki nyembamba yenye taa za buluu.

"Hii ndiyo ya kisasa, dada. Ukiiweka sebuleni majirani hawalali."

"Inasoma diski iliyochomwa nyumbani?"

"Inasoma."

"Iliyokwaruzika?"

Folau alikuna kichwa. "Inategemea imekwaruzika vipi."

"Na picha inakwenda polepole? Naweza kurudia kipande kimoja tu, tena na tena?"

Ile ya taa za buluu haikuweza. Tena ilikuwa na tundu moja bapa nyuma, wakati televisheni ya Kalolaine inataka zile waya tatu za rangi. Folau akaingia stoo, akarudi na deki nene, nyeusi, isiyo na urembo wowote. Ilikuwa na mwendo wa polepole, kitufe cha kurudia kipande na matundu yote matatu. Akaijaribu kwa diski ya harusi ya watu, ikasoma.

"Sasa tuweke hiyo yako," alisema, akinyoosha mkono kuelekea kikapu alichobebea Kalolaine diski.

Kalolaine alikikumbatia kikapu. "Hapana. Ikifia hapa nitarudije nyumbani?"

"Dada, umekuja kununua deki au kuzika diski?"

Watu dukani walicheka. Kalolaine hakucheka. Alilipa, akaondoka na boksi lake.

Aliyemaliza kusitasita huko ni shangazi yake, Lesieli, dada wa marehemu. Kwa Watonga neno la shangazi halijadiliwi. Leo saa nne anaingia na fimbo yake, anaketi kwenye mkeka, anasema: "Washa. Kama imekufa, tujue. Kuogopa hakuiponyi."

Kalolaine anaiweka diski huku midomo ikisemasema. Deki inakoroma. Kioo kinabaki cheusi muda mrefu hadi mimi mwenyewe nasahau kuandika. Kisha Semisi anatokea, amefungwa nguo ya gome kiunoni, anatabasamu.

Shangazi anajifuta macho. Kalolaine anacheka kwa sauti, anashika rimoti, anakwenda moja kwa moja hadi ubeti wa tatu. Huo ndio ubeti wa sifa. Vidole vya mkono wa kushoto hutetemeka kama jani, na watu wa kijiji hiki, hata waliohamia Auckland, huutambulisha ukoo wao kwa mtetemo huo. Kalolaine ndiye aliyewafundisha, kwa kuitazama diski hii.

Anabonyeza mwendo wa polepole, ambao deki ya zamani haikuwa nao.

Vidole vinatetemeka. Ubeti unaisha, Semisi anasimama wima akingoja kiitikio, na vidole bado vinatetemeka. Anaushika mkono huo kwa mkono wa kulia. Anauficha nyuma ya nguo. Anatabasamu tena.

Kalolaine anasimamisha picha. "Shangazi, hii si ngoma."

Lesieli anailaza fimbo yake mkekani. "Alikuwa mgonjwa. Mkono ulianza kabla ya ngoma hii, kama wa baba yetu ulivyoanza. Alinikataza nisiwaambie ninyi watoto."

"Na mimi nikakifundisha kijiji kizima."

"Ulifundisha ulichokiona, mwanangu."

Hofu ya diski imekwisha, imekuja nyingine. Kalolaine anazima televisheni, anarudi kwenye gogo lake, lakini nyundo haigusi. Ananyoosha mkono wa kushoto mbele yake, vidole vimetengana, anautazama. Hautikisiki. Anaendelea kuutazama.

"Jumatatu tunaanza mazoezi," ananiambia. "Nitawaeleza yote, wanicheke wakitaka. Kisha nitawafundisha ubeti wa tatu upya, mkono ukiwa umetulia."

Anaushusha mkono mapajani, anaufunika kwa ule mwingine.

"Nataka niwahi kuwaonyesha wakati wangu bado umetulia."