Wimbo wa Kumlilia Mwanangu Ukawa Wimbo wa Baa

Aliyetuandikia ameomba tufiche jina lake na kubadilisha ya wote anaowataja. Maneno ni yake.

Habari zenu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Haneti, sasa naishi Ipagala, Dodoma mjini. Niliachana na mume wangu karibu miaka thelathini iliyopita. Nina mtoto mmoja wa kiume, mtu mzima mwenye familia yake. Wale wa kuniambia "samehe, maisha mafupi", naomba mpite tu. Sikuja hapa kutafuta hilo.

Kabla ya huyu wa kiume nilizaa binti. Nitamwita Nyemo. Surua ilimchukua akiwa na miaka miwili na nusu. Mimi sikuweza kulia, niliganda tu kama jiwe. Aliyenililia ni mama yangu. Kila akipiga magoti kusaga uwele alikuwa anamwimbia mjukuu wake, wimbo alioutunga mwenyewe kwa Kigogo. Maneno yake kwa Kiswahili ni kama hivi: Nyemo rudi, ndama wameshaingia zizini, Nyemo rudi, uji wako unapoa. Ni hayo tu, lakini jirani akipita alikuwa anasimama kusikiliza.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa mjini Dodoma. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, baa zinafunguliwa kila kona na kila baa inataka bendi yake. Bendi yao haikuwa na wimbo wa kuwatambulisha. Mchana mmoja akaja na gitaa, akakaa kwenye kigoda karibu yangu, akaniambia kwa upole, "Mama Nyemo, niimbie ule wimbo wa mkwe. Sitaki mwanetu asahaulike."

Nikamwimbia, tena mara tatu. Alipokosea kwenye nyuzi nilimrekebisha mpaka akaipata sauti vilevile. Siku hiyo machozi yangu yakatoka kwa mara ya kwanza tangu tuzike, naye akanishika. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Miezi ikapita. Nikamsindikiza mama yangu kwenda kuuza mahindi sokoni Kibaigwa. Kulikuwa na lori linapakiwa, dereva amefungulia kaseti mpaka mwisho. Kabla sijasikia maneno nikaijua sauti. Nikamgeukia mama, alikuwa ameshika kamba ya gunia, haifungi wala haiachii. Wapakiaji wakaitikia kwa pamoja: Nyemo rudi, wenye malori wameshaondoka, Nyemo rudi, bia yako inapoa! Mmoja akamwita mama ntilie aliyekuwa anapita na birika, "We Nyemo, njoo huku!" Wenzake wakaangua kicheko. Mwanangu wa miaka miwili na nusu alikuwa amegeuzwa mwanamke wa kubebwa na madereva, na soko zima linacheza.

Mama akaniuliza, "Huyu mumeo aliupata wapi?"

Nikamjibu, "Labda alikusikia ukisaga, mama."

Hapo ndipo nilipodanganya. Mama akasema, "Basi sitauimba tena." Na kweli, mpaka anaingia kaburini alikuwa anasaga kimya. Ndugu zangu wote wanaamini shemeji yao aliuiba. Hakuna anayejua kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Niliporudi mjini nilimkuta mume wangu anafunga nyuzi mpya. Nikamwambia, "Umemfanya mwanangu malaya."

Hata hakuinua macho. "Usikuze mambo. Nani anakunywa bia kwenye wimbo wa msiba? Na lile jina limekaa vizuri sana kwenye muziki."

Nilimpokonya gitaa nikalivunja kizingitini. Akanizaba kibao, nami nikamzaba. Nikamfunga mgongoni huyu wa kiume, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa, nikaondoka. Mtoto alipokua nilimwambia tu kwamba baba yake na mimi hatukuelewana. Sikutaka akue anamchukia baba yake. Chuki nilibaki nayo mwenyewe, na ninayo mpaka leo.

Sasa kuna kijana ameuchukua wimbo uleule, ameweka midundo ya sasa na maneno yake, ila jina la Nyemo ameliacha palepale, na vijana wanaucheza. Mtalaka wangu amepeleka malalamiko ofisi ya hakimiliki kwamba ameibiwa. Nimemsikia redioni kwa masikio yangu akisema mtu anayechukua jasho la mwenzake hana utu. Nilizima redio nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Huko alikolalamika wametaka shahidi aliyekuwepo wimbo ulipotungwa. Jumapili mwanangu akaja. Baada ya shikamoo akasema, "Mama, baba amezeeka, miguu inamsumbua. Hana kilichobaki ila ule wimbo. Useme tu ulikuwepo alipoutunga."

"Alipoutunga?" nikamuuliza.

"Ndiyo. Ni neno moja tu, mama."

Nikamwambia siwezi kumsaidia mtu yule kwa lolote. Akasimama, akasema, "Yaliyopita kati yenu siyajui. Ila ukimwaibisha baba mbele za watu, usinihesabu tena mwanao." Akaondoka bila kugusa chai.

Nimeitwa Alhamisi ijayo. Nikisema ukweli wote, nampoteza mtoto pekee niliyebaki naye, na ndugu zangu wa Haneti watajua ni mimi niliyeutoa wimbo wa mama, kisha nikamdanganya mpaka akafa. Nikikubali ombi la mwanangu, yule mtu ataondoka na karatasi yenye mhuri inayosema kilio cha mama yangu ni mali yake. Na nikikaa nyumbani, ataendelea kuzungumza redioni, na jina la binti yangu litaendelea kuchezwa.

Ninyi mnaosoma, msinionee huruma. Niambieni tu: Alhamisi nikisimama pale, niseme nini?