Mtetea wa Mgeni

Baba alipokuja Singida kwa kikao cha Mahakama Kuu, shule nzima ilijua kabla yangu. Mpishi wetu alikuwa amepita mjini akakuta polisi wanafagia uwanja wa mahakama. Jioni, kwenye foleni ya ugali, msichana wa kidato cha nne anayelala kitanda cha juu yangu akapaza sauti:

"Binti Jaji, hebu tuulizie kwa mzee. Mtu anayepika maharage na mawe yake anafungwa miaka mingapi?"

Wakacheka wote, hata mpishi. Mimi nikatazama sahani yangu. Majibu mazuri hunijia wakati watu wameshatawanyika.

Nilikuwa sijamwona baba tangu shule ilipofunguliwa. Mama alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu, na nyumbani penyewe hubadilika kila baba anapohamishwa. Wakati wa Mwingereza alikuwa mkalimani wa mahakama. Alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, akisema maneno ya watu wengine kutwa nzima. Baada ya Uhuru akapelekwa kusoma sheria, akarudi hakimu, kisha akawa jaji. Alipokuwa mkalimani, wageni walilala hadi jikoni kwetu. Alipokuwa jaji, viti vya sebuleni vilikuwa vipya kwa sababu hakuna aliyevikalia. Baba haendi harusini, maana bwana harusi huenda akawa shahidi wiki ijayo. Jirani akimwita kucheza bao, anashukuru, anarudi ndani. Bao analo lake. Hucheza pande zote mbili, na upande mmoja ukishindwa ananung'unika kweli. Nilikua nikidhani bao ni mchezo wa mtu mmoja.

Mimi nina sharti moja tu: mtu mwenye kesi akinipa kitu, nimwambie baba siku hiyohiyo.

Basi akamtuma karani wake kwa mwalimu mkuu kuniombea ruhusa. Jumapili nitashinda naye kwenye nyumba ya wageni ya serikali. Ilikuwa Jumapili moja tu tuliyoipata, kwa sababu kesi iliyobaki ingeishia Jumatatu, halafu angeondoka. Nilipiga pasi sketi yangu ya shule mpaka mkaa ukaisha. Sikutaka zawadi wala fedha ya matumizi. Nilitaka tu kukaa na mtu ambaye sihitaji kumtafutia la kusema.

Asubuhi, nje ya lango la shule, mama mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe. Miguu yake ilikuwa imejaa vumbi la njia ya Ilongero, na kwapani ameshika mtetea mwekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtoto wa jaji?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Haya, mpelekee mgeni wetu. Nimemleta hai ili amwone kwanza, ajue ni wake. Kila siku anakula kwa wapishi wa serikali kama vile amefika nchi isiyo na watu!"

"Mama, una mtu mahakamani?"

"Mwanangu wa mwisho yuko ndani. Walipotuhamishia kijiji kipya, yeye na mwenzake waligombania mpaka wa shamba, huyo mwenzake akafa. Lakini hayo ni ya mahakama. Huyu ni wa mgeni."

Nikaanza kusema siwezi. Nikaacha. Huku Singida, kumrudishia mtu kuku aliyempa mgeni ni kama kuitemea mate salamu yake, hilo nilikwisha kulijua. Akamweka mikononi mwangu, akamfunga miguu vizuri kwa kamba ya katani, akaenda zake.

Mpishi alikuwa ameona kila kitu kutoka mlango wa jiko. "Mlete huku, binti! Saa sita anakuwa supu, na hakuna atakayeuliza."

Nitasema kweli, nilipiga hatua kumwendea. Baba asingejua. Tungekunywa chai, tungekula mchana, tungetembea hadi ziwani. Kisha nikamwaza baba akiniuliza jioni, kama kawaida yake, "Kuna la kuniambia?" na mimi nikimjibu hapana. Siku nzima ingeharibikia hapo. Nikaenda na kuku.

Baba alikuwa barazani, amevaa shati la mikono mifupi, vikombe viwili vimeshapangwa mezani. Aliponiona akasimama haraka, jambo ambalo hafanyi. Kisha akamwona kuku.

"Umenunua?"

"Hapana, baba."

"Nani?"

Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alikaa, akakisukuma kikombe chake pembeni.

"Kesho nitalisema mahakamani, halafu nitajitoa kwenye kesi ya mwanawe. Atakuja jaji mwingine kuisikiliza."

"Lini?"

"Kikao kijacho."

"Lakini baba, yule mama hakukusudia kukuhonga. Anasema wewe ni mgeni."

"Najua. Hata namwamini." Akamwita karani aje amchukue kuku. "Ila siwezi kuwa jaji na mgeni wake kwa pamoja."

Nikavuta kiti. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Usikae, mama." Huniita hivyo akiwa na huzuni. "Sasa wewe ni shahidi. Polisi watakuja shuleni leo kuchukua maelezo yako. Wasije wakasikia tumeshinda pamoja tukipanga maneno."

"Hata chai?"

"Hata chai."

Alinisindikiza mpaka ngazi ya chini. Jumatatu mchana gari lake likaondoka.

Jioni ileile yule mama akaja tena langoni, akaniita.

"Baba yako amechukia kuku wangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona amemwacha mwanangu rumande?"

Nikamweleza. Mimi, nisiyejua kujibu watu, nilisema mpaka mdomo ukakauka.

"Kwa hiyo ungemla na kunyamaza, kesi ingekwisha leo."

"Ndiyo."

"Na jana ungeshinda na baba yako."

"Ndiyo, mama."

Nilingoja matusi. "Nyumba yenu ngumu," akasema. "Mnapikiana nini humo?"

Nilimsindikiza hadi alizeti za shule zinapokoma. Kupita hapo haturuhusiwi. Akaenda bila kugeuka, nami nikasimama mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine waliokuwa wakirudi makwao.