Mwalimu Aliyeogopa Kunikosoa

Nakumbuka, mwanangu, siku ile wageni wa mbugani walipoteremka kwenye gari hapa Idodi, nami nikasimama kuwaeleza kwa Kiingereza jinsi tunavyosuka vikapu. Shule niliiacha darasa la nne. Lakini kina mama wa kikundi walinichagua mimi nikasome Kiingereza darasa la jioni, maana dereva aliyekuwa akitusemea alikuwa na haraka zake, na wageni wasipoelewa kitu gari halitasimama tena kwetu.

Nikasema weee. Wageni wakatazamana. Mmoja akamgeukia dereva, naye akawaambia neno moja tu, wakapanda gari wakaenda zao.

Nilishangaa. Darasani kila nikijibu, Mwalimu Tumaini alikuwa akisema, "Vizuri sana, bibi," na darasa zima linanipigia makofi.

Jioni nikamfuata. Akainama, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe nakosea siku zote?"

Akatazama chini. "Sasa bibi, nitamkosoaje mtu mzima mbele za watu? Kwetu Uyole mama akisikia, sili."

"Utakula kwangu. Humu ndani mimi siyo bibi, mimi ni mwanafunzi. Nikiharibu, nisimamishe."

Akanisimamisha, mwanangu. Alinisimamisha mpaka nikamchukia. Binti mmoja nyuma akacheka, nikamwambia acheke vizuri, zamu yake inakuja. Nikarudia, nikarudia, nyumbani nikawasemea hata kuku. Heshima ile ya makofi ilikuwa tamu, ila haikunifundisha kitu.

Wageni wengine walipokuja, dereva akajisogeza aanze kusema. Nikamwambia, "Wewe kaa, kunywa chai."

Nikawaeleza milulu, yale majani marefu tunayosukia, jinsi tunavyoyakata na kuyaanika. Mama mmoja wa kizungu akanusa kikapu, akaniuliza tumekipaka manukato gani. Nikamjibu palepale: milulu yenyewe ndivyo inavyonukia, na sisi wenyewe hatuna manukato, tutakipaka kikapu? Wakacheka wote, na hakuna aliyewatafsiria. Wakakaa chini kwenye mkeka, wakataka kufundishwa kusuka. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka dereva akamwaga chai.

"Bibi, umenifukuza kazi," akasema.

"Ya kusema, ndiyo. Ya kuendesha baki nayo."

Sasa nisikilize. Watu wakikusifia kila unachofanya, waulize mara ya pili. Anayekukosoa usimnunie, huyo ndiye anayetaka ufike. Na ukishakuwa mkubwa, ukawa mzazi au bosi, usijifiche nyuma ya umri wako. Wape wadogo ruhusa ya kukwambia hapa umekosea, kisha urudie.

Nenda ukasome. Mungu akupe mwalimu asiyekuogopa, akupe na masikio ya kumsikia. Na siku utakaposimama mbele za watu useme kwa mdomo wako mwenyewe, Mungu akusimamie, wakuelewe.