Wifi Alipookoka

Mtu akiniambia nimfungulie moyo wangu, namwonyesha mlango. Sina adabu katika jambo hilo na sina haja ya kuitafuta. Wajukuu wananicheka, ati bibi ana moyo wa kufuli. Haya, na wacheke. Kufuli hilo nilitiwa kijijini Izimbya, siku za Mwingereza, na aliyenitia ni wifi yangu, dada wa mume wangu.

Nilikuwa nimeolewa kutoka Muleba, mgeni katika kibanja cha wakwe, na mume wangu alikuwa bado Burma kwenye vita vya watu wengine. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alikuwa ameanza kusimama aliposhikwa na surua akafa. Tulimzika kibanjani, kati ya migomba. Aliyemwosha ni wifi. Tulipolala matanga juu ya nyasi za sakafuni, alilala mgongoni kwangu akanifunika shuka lake, na asubuhi alininywesha uji kwa mkono wake. Yeye mwenyewe hakuwa amejaliwa mtoto, na nilimhurumia kwa hilo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, husema watu, nami niliamini. Miaka iliyofuata, kila mara kifo kile kiliponirudia, nilimkumbuka wifi nyuma ya mgongo wangu, nikaweza kupumua. Sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Kisha wokovu ukaingia kijijini. Sisemi vibaya juu ya wokovu. Walevi waliacha pombe, na wanaume waliopiga wake zao waliacha, wengine wao. Lakini waliookoka walikuwa na desturi moja ambayo mpaka leo inanichemsha damu. Haikutosha kumwambia Mungu dhambi ya moyoni. Ilibidi umwendee uliyemwazia mabaya, umwambie usoni, hata kama hakujua lolote. Hilo waliliita kutembea nuruni.

Asubuhi moja namenya ndizi za mchana, nikamwona wifi anakuja na akina mama wawili wa ushirika wao. Niliwakaribisha, nikawaletea kahawa ya kutafuna. Hawakuigusa. Wifi akapiga magoti mbele yangu, uso unamng'aa.

"Mtoto wako alipokufa," akasema, "nilifurahi. Usiku ule nimekulalia mgongoni, nilisema moyoni, sasa tuko sawa. Nisamehe, wifi."

Wale wawili wakaanza kuimba. Waliimba kwa furaha kweli, wanapiga makofi, na wifi analia machozi ya mtu aliyetua mzigo. Nami nimekaa na kisu mkononi na ndizi iliyomenywa nusu. Waliponyamaza walinitazama, wanangoja nikumbatie mtu. Nilimaliza kumenya ile ndizi, nikachukua nyingine. Wakaondoka wakisema nina moyo mgumu.

Mume wangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa amerudi, alinisihi sana. Dada yake amekuwa mwepesi, alisema, anaimba hata akilima, kwa nini mimi namnunia? Nikamwambia wepesi wake ninaubeba mimi. Hakunielewa, maskini. Mwinjilisti naye akaniita, akanisomea lile neno la Mithali la kulinda moyo, kana kwamba sikulikariri nilipofundishwa ubatizo. Nilimjibu kwamba wangu nilikuwa naulinda vizuri, ulikuwa safi, mpaka mtu alipofagia nyumba yake akamwaga taka kwangu. Je, huo ndio usafi? Akaniambia nisikaribie Meza ya Bwana mpaka nisamehe. Nikakaa benchi la nyuma, misimu ya kahawa ikaja ikapita, nikiwatazama wifi na wenzake wakienda mbele.

Nilimchukia. Tusidanganyane hapa. Nilipozaa binti yangu sikumpa ambebe hata siku moja. Alinyoosha mikono, nikasema mtoto amelala, na mtoto yuko macho anamtazama.

Halafu wifi akashika mimba, uzeeni kabisa kwa hesabu za wanawake wa kwetu. Ushirika wote uliimba. Tumbo likaonekana, akatembea nalo kanisani taratibu. Siku moja ya mvua mumewe akaja mbio kuniita, nyumba yangu ndiyo ya karibu, mimba imeharibika. Akaendelea mbio kuwaita wale akina mama wawili.

Nikatoka, nikashika njia ya kibanjani. Na hapo, kati ya migomba, nilifurahi. Wala si kidogo. Ilinipanda kifuani tamu kama olubisi, maji ya ndizi mbivu, nikasimama niionje vizuri. Kisha nikaogopa. Nikasema kwa sauti, bila heshima yoyote, "Bwana, hii umeiona. Ikae kwako." Nikaenda.

Nilichemsha maji, nikamwosha. Kichanga nilikifunga katika kanga yangu mpya, maana sikuona nyingine nyumbani mle. Nilimnywesha uji. Wale wawili walifika wamelowa, wakakaa ukutani wakiomba. Wifi akanishika mkono, akanivuta karibu.

"Waitu, wifi yangu, niambie kweli," akasema. "Moyoni mwako hukufurahi?"

Kule ukutani maombi yalikatika. Walitaka jibu kuliko yeye. Nami ninalo, tena la kweli, na ningelitoa kwa magoti na machozi, na wangeniimbia mpaka mvua ikatike. Jumapili ningerudishwa mezani. Yeye je? Angelala na nini usiku ule, na usiku uliofuata?

"Sikufurahi," nikamwambia. "Nimelia njia nzima. Lala."

Alilala akiwa ameshika kidole changu. Mmoja wa wale akina mama alisema baadaye kwamba nilikuwa bado gizani, alinisoma usoni. Alisoma sawasawa. Uongo ule sijautubu kwa mchungaji yeyote, na sina mpango.

Wifi aliishi mpaka mvi. Hata siku zake za mwisho aliwasimulia waliomtembelea kwamba siku ile alipompoteza mwanawe kulikuwa na mtu mmoja aliyemlilia kweli, wifi yake. Nilikuwa nimekaa pale pale, namenya ndizi. Faraja hiyo alikufa nayo, nzima. Yangu, ile ya usiku wa matanga, alinichukulia.