Tuta Lisilokatwa

Mimi ni Mama Nono, jirani yake Mama Ruphin. Kisima chetu ni kimoja, kimechimbwa pale ua wangu unapokutana na wake, na kwa miaka ishirini na moja sijahitaji saa ya kuniamsha. Ndoo ya Mama Ruphin ikigonga mdomo wa kisima, najua kumekucha. Zamani ilikuwa ndoo ishirini asubuhi na ishirini jioni, harakaharaka. Mwezi huu wa tisa maji yameshuka chini kabisa, kamba tumeiongeza mara mbili, na ndoo inapanda nusu, tena na matope yake. Siku hizi kati ya ndoo na ndoo kuna kimya kirefu. Hapo ujue amekaa chini, anapumua.

Jina lake mwenyewe ni Mwaba. Ana miaka sitini na mitatu, na mumewe, aliyekuwa mtu wa reli, alishafariki. Watoto wametawanyika, amebaki karibu Ruphin tu, fundi wa magari, anayekaa Kampemba. Katika avenue yetu hapa Katuba kila mwenye kiwanja amejenga vyumba vya wapangaji uani, hata mimi. Yeye amepanda mboga. Watu walimcheka, mimi wa kwanza, kisha jioni tukawa tunachungulia juu ya ukuta kuuliza kama matembele yako.

Sitasema uongo, bustani ile ilikuwa na raha yake. Akiona nyanya ya kwanza ya msimu imeiva alikuwa ananiita nije niione kabla hajaichuma, kana kwamba mimi sijawahi kuona nyanya. Harufu ya majani yake humkaa vidoleni hadi mchana, na nimemwona kanisani, mahubiri yakirefuka, akijinusa mikono.

Lakini fahari yake ilikuwa lengalenga, mchicha wa kwetu. Si hii ya sokoni iliyojaa maji. Ya kwake ina majani meusimeusi yenye mishipa myekundu, na ukiipika na unga wa karanga mchuzi unageuka mwekundu hadi bukari, ugali wetu, inapata rangi. Mama yake alitoka nayo Kambove, mbegu zimefungwa kwenye pindo la kitenge, na tangu mama huyo azikwe haujawahi kupita mwaka bila tuta moja la lengalenga ile kuachwa bila kukatwa.

Hapo ndipo penye kazi. Mbegu hupatikana kwa kujinyima. Unachagua mimea iliyonona kuliko yote, unaimwagilia miezi mitatu na zaidi huku mate yanakutoka, hugusi hata jani, mpaka itoe vichwa vya mbegu na vichwa vikauke. Nani ana subira hiyo? Avenue nzima imekula lengalenga ya Mama Ruphin, hakuna aliyeitunza. Mimi alinipa mbegu kiganja kizima. Nilisia, ikaota vizuri, nikaitazama siku mbili, nikaing'oa yote na kuipika. Ilikuwa tamu.

Msimu wa mvua uliopita bati lake lilivuja juu ya kabati, na kopo la mbegu likaota ukungu. Alichambua, akapata chembe za kujaza kifuniko cha chupa. Akazisia zote mwezi wa sita. Baridi ikaua nyingine, viwavi wakala nyingine, ikabaki mimea kumi na mmoja.

Siku moja pale kisimani alikuwa ameshika kamba na hajavuta.

"Mama Nono, minachoka," aliniambia. "Magoti inakataa. Hii tuta moja tu ilete mbegu, niigawie batoto, mi niache jardin."

"Weye? Uache jardin, bustani hii yote?" Nilicheka.

Hakucheka. Kuanzia wiki ile aliacha nyanya zife, akaacha bilinganya zife, na maji yote aliyoweza kuvuta akayapeleka kwenye mimea kumi na mmoja. Ilikuwa imefika kifuani mwangu na vichwa vilianza kutoka. Bado wiki tatu hivi.

Sasa Ruphin alikuwa ameoa mwezi wa nane. Bibi yake, Estelle, anauza dawa katika famasi moja, msichana mwenye heshima, lakini amekulia kwenye ua wa saruji tupu. Lengalenga anayoijua ni ya soko, inayofungwa fungu pamoja na mizizi yake. Na kwetu, siku bibi aliyeolewa na mtoto wako anapopika mara ya kwanza nyumbani kwa mama mkwe, hakuna kukosoa. Chumvi ikizidi unakula. Bukari ikiwa mbichi unakula na unashukuru.

Estelle alikuja kupika Jumamosi asubuhi, Mama Ruphin akiwa kwenye mkutano wa akina mama wa parokia. Mimi nilikuwa nafua. Nilimwona juu ya ukuta, amechutama bustanini, nikadhani anapalilia.

"Bonjour, Mama Nono!" akasema.

"Bonjour, mama. Unatumika sana!" nikamjibu, nikisifu kazi yake.

Ningenyoosha shingo kidogo tu ningeona. Sikunyoosha. Baadaye akanirushia kitu juu ya ukuta, akasema, "Ya kuku, Mama!" Kuku wangu wakakimbilia. Nikasema merci bila kugeuka. Vilikuwa vile vichwa, na vilikuwa bado vibichi, mbegu haijakomaa.

Saa sita nilialikwa kula. Mama Ruphin alirudi amechoka, akazunguka nyuma kunawa miguu, na hakurudi. Nikamfuata. Tuta lilikuwa limelainishwa kwa reki, zuri kama kitanda kilichotandikwa, na limemwagiliwa maji. Hakuna hata mzizi. Yeye amesimama tu, viatu mkononi.

Hasira zilinipanda. Niligeuka niingie jikoni nimwambie yule msichana maneno ambayo angeyakumbuka hadi uzeeni. Mama Ruphin akanishika mkono.

"Nyamaza. Anapika mara ya kwanza."

"Lakini Mama Ruphin!"

"Mi minakuambia nyamaza."

Basi tuliketi, Ruphin naye akiwa amefika. Estelle akatunawisha mikono, akaweka bukari, akafunua sufuria, na mchuzi ulikuwa mwekundu kama inavyotakiwa.

"Mama, niliona ile lengalenga inaanza kuzeeka, inatoa maua," alisema. "Nikasema Mama anachoka, hana tena nguvu ya kukata. Njo maana nikang'oa yote mbele ya kuharibika. Na tuta nikaitengeneza."

"Unafanya muzuri," Mama Ruphin akajibu, akamega.

Na huyo Ruphin! Amelelewa na mboga ile, amebeba ndoo zile tangu utoto, na hakuona chochote. Alikula, akaongeza, akamsifu bibi yake. Mimi nilikula kwa hasira, na nakiri kwa aibu kwamba sijawahi kula lengalenga iliyopikwa vizuri vile. Nililamba vidole. Mama Ruphin alikula polepole, tonge baada ya tonge, hakuacha kushukuru.

Tulipokaribia kumaliza, Estelle akapangusa mikono, akainama kidogo mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, mutanipatia mbegu yake? Kwetu cour yote, ua muzima, ni ciment, lakini niko na mabidon mbili ya kutia udongo, nitapanda. Nataka nikuwe nayo kila mwaka, vile munafanyaka."

Miaka ishirini na moja nimeishi karibu na bustani ile. Nimewasikia watu wakiomba mboga asubuhi, jioni, siku ya msiba, siku ya harusi. Mbegu hakuna aliyewahi kuiomba, hata watoto wake, hata mimi niliyepewa bure.

Nilijua Mama Ruphin angeweza kusema atamtafutia, na mambo yangeishia hapo.

"Haiko, mama," alisema. Hakusema kwa hasira, alisema kwa uchovu tu, namna mtu anavyosema chumvi imeisha. "Mbegu njo ile tulikula."

Estelle alitazama sufuria, kisha akamtazama Ruphin, ambaye sasa alikuwa ameacha kutafuna. Mama Ruphin akaivuta sufuria karibu, akaifuta kwa tonge la mwisho, akala, kwa sababu mboga ilikuwa imebaki kidogo na hakutaka itupwe.